Kindu: Kriki inayoshuka polepole ndiyo ya kuogopa, mafundi wanaweza kuitengeneza namna gani?

Mjini Kindu, mji mkuu wa jimbo la Maniema, gareji nyingi hazina ukuta wala sakafu ya sima. Ni kivuli cha mwembe ndani ya lupango, benchi ya mbao, sanduku la funguo na udongo uliolowa mafuta. Katika gareji ya namna hiyo kuna kifaa kimoja kinachoamua kama kazi ya siku itafanyika ao hapana: kriki, ile ambayo majirani wa Tanzania na Kenya wanaiita jeki. Bila kriki hakuna gurudumu linalotoka, hakuna freni inayofunguliwa, hakuna resori inayobadilishwa.

Na kriki nayo inaugua. Inanyanyua gari vizuri, kijana anaingia chini na ufunguo wake, na baada ya dakika chache gari limeshuka upana wa kidole bila mtu kugusa kitu. Anaita: "Yaya, imeshuka tena." Fundi anapiga mkono mara tatu, gari linapanda, kazi inaendelea.

Hapo ndipo hatari inapoanza. Kriki iliyokufa kabisa haiui mtu, kwa sababu hainyanyui kitu. Ya kuogopa ni ile inayonyanyua na kushuka polepole, kwa kuwa watu bado wanaiamini. Habari njema ni kwamba ugonjwa huo, mara nyingi, unatibika palepale nyumbani, kwa vifaa vichache na uvumilivu. Lakini inafaa kwanza kujua kinachoendelea ndani ya kile chuma.

Mji ambamo kununua mpya si jambo rahisi

Kindu iko kando ya mto Lualaba. Mitaa ya Kasuku na Mikelenge iko upande wa magharibi, na mtaa wa Alunguli uko ng'ambo, upande wa mashariki. Mzigo unafika mjini kwa njia nne: kwa treni ya SNCC inayopanda kutoka Katanga kupitia Kongolo na Kibombo, kwa mashua kutoka Ubundu, kwa ndege, ao kwa barabara ambazo wakati wa mvua zinageuka matope. Treni inaweza kuchukua siku nyingi njiani. Tangu uwanja wa ndege wa Goma ufungwe mwezi wa kwanza mwaka 2025, wakati waasi wa M23 walipoteka mji huo, wafanyabiashara wa mashariki wamepoteza mlango mmoja mkubwa wa kupitishia bidhaa.

Katika hali hiyo, mpira mdogo wa kuziba ambao katika miji mingine unanunuliwa dukani asubuhi, Kindu unaweza kusubiriwa majuma kadhaa. Kriki mpya nayo inabeba juu ya bei yake gharama ya safari yote. Ndiyo maana kriki haitupwi haraka. Inafunguliwa, inasafishwa, inafungwa tena, na pengine inarithiwa kutoka kwa fundi mmoja hadi mwingine.

Barabara zenyewe zinaongeza kazi ya kriki. Kamyo inayotoka Kalima, Punia ao Kasongo ikiwa imejaa mzigo inafika na resori zilizovunjika na magurudumu yaliyolegea. Mara nyingi kriki inatumika njiani kabla ya kutumika gareji: juu ya matope, chini ya mvua, na gari likiwa bado na mzigo. Maji na mchanga vinaingia. Siku chache baadaye inaanza kushuka.

Mkono mmoja, tani sita

Kriki ya mafuta haina siri kubwa. Iwe ile ya chupa inayosimama wima ao ile ndefu yenye magurudumu, ndani yake kuna pistoni mbili: ndogo inayosukumwa na mkono wa fundi, na kubwa inayosukuma gari. Kati yao kuna mafuta. Mafuta hayabanwi kwa urahisi, kwa hiyo nguvu inayoingia upande mmoja inatokea upande mwingine. Kanuni hiyo ilielezwa na Mfaransa Blaise Pascal katika karne ya 17.

Hesabu yake inaeleweka. Tuseme pistoni ndogo ina upana wa sentimeta 1 na kubwa ina sentimeta 4. Eneo la kubwa ni mara 16 ya ndogo. Tuseme pia kwamba mti wa kupigia unazidisha nguvu ya mkono mara 20. Fundi akisukuma kwa nguvu ya kilo 20, pistoni ndogo inapata kilo 400, na pistoni kubwa inasukuma kilo 6.400. Mtu mmoja ananyanyua zaidi ya tani sita.

Lakini hakuna kitu cha bure. Pistoni ndogo ikishuka sentimeta 2, kubwa inapanda milimita 1,25 tu. Ili gari lipande sentimeta 10, fundi anapiga mara 80. Na mafuta yaliyomo ndani, wakati huo, yanabanwa kwa karibu kilo 500 kwa kila sentimeta ya mraba. Gurudumu la gari dogo lina karibu kilo 2. Mtu akielewa tofauti hiyo hatashangaa kuona kwamba chembe ya mchanga isiyoonekana vizuri kwa macho inatosha kushusha gari zima.

Kinachozuia mafuta yasirudi ni milango midogo ndani ya kitako cha kriki. Kila mlango ni gololi ya chuma iliyokaa juu ya tundu. Gololi ya kwanza inaruhusu mafuta kutoka kwenye tangi kwenda kwenye pistoni ndogo. Ya pili inaruhusu kutoka pistoni ndogo kwenda kubwa, na inayazuia kurudi. Ya tatu inakaa kwenye skurubu ya kushushia: ikikazwa, gari linabaki juu, ikilegezwa, mafuta yanarudi kwenye tangi na gari linashuka.

Kriki nyingi za kisasa zina mlango mwingine wa usalama unaofunguka mzigo ukizidi kipimo. Huo umepangwa kiwandani na haupaswi kuguswa. Fundi anayeukaza ili kriki ya tani 2 ibebe tani 4 ameondoa kitu pekee kilichokuwa kinamuonya.

Dalili zinasema nini

Kabla ya kufungua kitu, fundi mzuri anaangalia kwanza. Kila ugonjwa wa kriki una dalili yake, na kusoma dalili kunaokoa saa nzima ya kazi ya bure.

Mkono unakwenda bila uzito na hakuna kinachopanda. Jambo la kwanza la kuangalia ni skurubu ya kushushia: je, imekazwa? Makosa haya madogo yamewafungulisha watu wengi kriki iliyo nzima. Kama imekazwa, pengine mafuta yamepungua ao hewa imeingia. Hayo yakiwa sawa, gololi ya kwanza imekwama kwa uchafu na mafuta hayaingii kwenye pistoni ndogo.

Inapanda kwa kurukaruka, ao mkono unakuwa laini kama unasukuma sponji. Hiyo ni hewa. Hewa inabanwa, mafuta hayabanwi. Hewa ikichanganyika na mafuta, nguvu ya fundi inaishia kuibana hewa.

Inapanda hadi nusu na kukataa. Mara nyingi mafuta hayatoshi. Yaliyopo yote yamekwisha kuingia chini ya pistoni kubwa na tangi limebaki tupu.

Inapanda vizuri, kisha inashuka polepole. Hapa ndipo pa kuwa mwangalifu, kwa sababu sababu zinaweza kuwa tatu. Fundi anyanyue mzigo mdogo ambao hakuna mtu chini yake, kisha aangalie vitu viwili: mti wa kupigia na shingo ya pistoni kubwa. Kama mti unapanda wenyewe, mafuta yanarudi kwenye pistoni ndogo, maana yake gololi ya pili haizibi. Kama mti umetulia lakini mafuta yanaonekana kwenye shingo, mpira wa pistoni kubwa umechoka. Kama mti umetulia na shingo ni kavu, mafuta yanarudi kwenye tangi kwa ndani, na wa kwanza kushukiwa ni skurubu ya kushushia na gololi yake.

Haishuki hata skurubu ikilegezwa. Pistoni imepinda kwa sababu ya mzigo uliokaa upande, ao ina kutu. Kwenye kriki ya magurudumu, resori ya kurudisha inaweza kuwa imekatika.

Kuna onyo moja katika kutafuta mahali panapovuja. Kriki ikiwa imebeba mzigo, kidole kisitumike kupapasa. Mafuta yanayotoka kwa nguvu hiyo kupitia tundu dogo yanaweza kutoboa ngozi na kuingia ndani ya mwili. Kidonda kinaonekana kidogo kama cha sindano, na mara ya kwanza hakiumi sana, lakini mtu anaweza kupoteza kidole ao mkono. Anayepatwa na jambo hilo anapaswa kufika hospitali siku hiyohiyo, bila kungoja uvimbe, na amweleze daktari kwamba ni mafuta ya kriki. Kutafuta mahali panapovuja kunafanywa kwa kipande cha karatasi ao cha kartoni.

Kufungua: usafi kwanza, nguvu baadaye

Kazi inaanza nje. Kriki inaoshwa na kupigwa brashi hadi udongo wote utoke, kwa sababu uchafu wa nje ukianguka ndani unakuwa ugonjwa mpya. Kisha inashushwa kabisa, kizibo cha tangi kinatolewa, na mafuta yanamwagwa katika chombo cheupe ao cha kuonyesha. Rangi ya mafuta inasema mengi. Mafuta meupe kama maziwa yana maji. Mafuta yanayong'aa vumbi la chuma yanaonyesha kwamba pistoni inasugua silinda. Vipande vyeusi vya mpira vinasema kwamba kuna mpira unaokatika.

Baada ya hapo skurubu ya kushushia inatolewa polepole, juu ya kitambaa cheupe kilichotandikwa. Gololi ni ndogo na inaruka. Ikianguka kwenye mchanga wa lupango, nusu siku inaweza kwisha kwa kuitafuta. Kila kitu kinachotoka kinapangwa kwa mstari, kwa namna kilivyotoka. Mwenye simu anapiga picha kila hatua. Ni kitabu cha bure cha kukumbukia njia ya kurudi.

Gololi inaangaliwa kwenye mwanga. Ikiwa na alama, kutu ao upande uliokaa bapa, haifai tena. Hapa mji wa baiskeli nyingi kama Kindu una bahati yake: gololi za kinga ni za chuma kigumu na zinapatikana kirahisi. Za gurudumu la mbele, kwa kawaida, zina milimita 4,76, na za nyuma milimita 6,35. Lakini gololi inayowekwa lazima iwe mpya na iwe na kipimo kilekile cha ile iliyotoka. Iliyo kubwa kidogo ao ndogo kidogo haitakaa sawa juu ya tundu, na kriki itashuka kama zamani.

Tundu lenyewe linasafishwa kwa petroli ya taa na kitambaa kisichoacha nyuzi. Kama lina alama ndogo, kuna njia ya zamani: gololi inawekwa juu ya tundu, kipande cha shaba kinasimamishwa juu yake, na nyundo inapiga mara moja, kwa kiasi. Chuma cha tundu ni laini kuliko gololi, kwa hiyo kinapata umbo lake na kuziba tena. Gololi iliyopigwa inatupwa, na mpya inawekwa. Kupiga kwa hasira kunaharibu kitako kizima.

Mpira ndio shida kubwa zaidi, kwa kuwa ndiyo sehemu isiyo rahisi kupatikana. Jaribu la kwanza la mtu aliyekosa mpira ni kukata mwingine kutoka mpira wa ndani wa kinga ao wa gari. Unaziba siku ya kwanza. Lakini mpira huo ulitengenezwa kwa kushika hewa, haukutengenezwa kukaa ndani ya mafuta. Mafuta ya madini yanauvimbisha na kuulainisha, na baada ya muda unakatika ndani ya kriki. Mpira unaofaa ni ule unaostahimili mafuta, hasa wa aina ya nitrile. Mara nyingine unaopatikana ndani ya vifaa vingine vya haidroliki vya magari makubwa unalingana kwa kipimo. Fundi anapima kipenyo cha ndani na unene, halafu ndipo anaagiza. Aliye na jamaa anayesafiri kwenda Kisangani, Lubumbashi ao Kinshasa anampa mpira wa zamani mkononi, ili mwenye duka aulinganishe kwa macho.

Kriki za zamani sana zina kikombe cha ngozi badala ya mpira. Hakuna haja ya kuzicheka. Mwingereza Joseph Bramah alipopata hati ya uvumbuzi wa mashine ya kukandamiza kwa maji mwaka 1795, tatizo lake lilikuwa lilelile la gareji za Kindu: kuvuja. Ufumbuzi, ambao wengi wanasema ulitoka kwa fundi wake Henry Maudslay, ulikuwa kola ya ngozi inayopanuka na kuziba zaidi kadiri nguvu inavyoongezeka. Ngozi ikikauka, inalowekwa kwenye mafuta hadi ilainike, na ikichakaa, fundi wa viatu mwenye mkono mzuri anaweza kukata nyingine.

Pistoni nayo inapitishwa kidole ikiwa haina mzigo. Kutu nyepesi inaondolewa kwa sandpepa laini sana na mafuta. Mikwaruzo mirefu ya kushika ukucha ni habari mbaya: itakata mpira mpya kama ilivyokata wa zamani.

Mafuta gani?

Hili ndilo kosa linaloua kriki nyingi. Mafuta yakipungua, mkono unakwenda kwenye chupa iliyo karibu, na mara nyingi chupa hiyo ni ya mafuta ya freni. Jina linadanganya, kwa sababu freni pia inatumia haidroliki. Lakini mafuta ya freni ya kawaida si mafuta ya madini. Yanaharibu mipira ya kriki, yanavuta unyevu wa hewa, na katika mji wenye mvua kama Kindu unyevu huo unaleta kutu ndani ya silinda. Kriki iliyotiwa mafuta ya freni inafanya kazi kwa majuma machache, kisha inaanza kuvuja mahali pengi kwa wakati mmoja.

Mafuta ya mota nayo si mazuri. Ni mazito, na yanachelewesha gololi kukaa mahali pake. Mafuta yaliyokwisha kutumika ni mabaya zaidi, kwa sababu yamejaa masizi na vumbi la chuma. Yanayofaa ni mafuta ya haidroliki mepesi, yale yenye namba 22 ao 32 kwenye chupa, ao yaliyoandikwa kwamba ni ya kriki. Yakikosekana kabisa, mafuta mekundu ya gia za otomatiki yako karibu nayo kuliko ya freni, na hayali mipira ya nitrile. Hata hivyo mafuta ya aina mbili hayachanganywi. Ya zamani yanamwagwa yote kwanza.

Kutia mafuta kuna utaratibu. Kriki ya chupa inasimamishwa wima, pistoni ikiwa imeshuka kabisa, na mafuta yanafika ukingo wa chini wa tundu la kizibo. Anayejaza pistoni ikiwa juu atakuwa amezidisha, kwa maana mafuta yaliyo chini ya pistoni yatarudi na kukosa nafasi. Kisha hewa inatolewa: skurubu ya kushushia inalegezwa, kizibo kinaachwa wazi, na mkono unapigwa mara 10 hadi 15. Skurubu inakazwa, pistoni inapandishwa bila mzigo hadi mwisho, inashushwa, na mafuta yanaangaliwa tena. Mara mbili ao tatu zinatosha hadi mkono uwe mgumu tangu pigo la kwanza.

Kujaribu bila mtu chini

Kriki iliyofungwa haijapona mpaka ijaribiwe. Jaribio la kwanza ni bila mzigo: ipande hadi juu na kushuka bila kukwama. La pili ni na mzigo mdogo, kwa mfano upande mmoja wa gari dogo, magurudumu mengine yakiwa yamezuiliwa kwa mawe ao vipande vya mti, na nguzo za chuma ao mbao zikiwa chini ya gari, chini kidogo ya mahali lilipofika. Urefu kutoka ardhini hadi chini ya gari unapimwa kwa mita na kuandikwa kwa chaki. Baada ya nusu saa unapimwa tena.

Kama urefu ni uleule, kriki inaweza kurudi kazini. Kama umepungua, hata kidogo, kazi haijaisha. Kuna kishawishi cha kusema "inashuka kidogo tu, si neno." Lakini kinachoshuka kidogo leo chini ya gari dogo kitashuka haraka kesho chini ya kamyo, kwa sababu mzigo mkubwa unasukuma mafuta kwa nguvu zaidi kupitia tundu lilelile.

Kriki inanyanyua, haishikilii

Hata kriki iliyotengenezwa vizuri, hata mpya, ina kazi moja: kunyanyua. Kushikilia ni kazi ya kitu kingine. Gololi moja yenye upana wa punje ya mahindi haifai kuwa ndiyo pekee iliyo kati ya tani mbili za chuma na kifua cha mtu.

Mwenye uwezo ananunua nguzo za chuma. Asiyenazo ana miti ya Maniema. Vipande vinene vya mti mgumu kama kambala, vilivyokatwa sawa na kupangwa kwa kukingamana, wawili hivi na wawili vile, vinabeba gari bila kushuka. Fundi wa mbao anavikata kwa siku moja, na vinadumu miaka. Visivyofaa ni matofali na vipande vya sima: havipindi kuonya mtu, vinapasuka ghafla. Mawe yaliyopangwa moja juu ya lingine nayo yanateleza.

Ardhi pia inahusika. Baada ya mvua, udongo wa lupango unaweza kumeza kitako cha kriki, ikainama na kuteleza. Ubao mpana na mnene unawekwa chini yake kabla ya kupiga hata mara moja. Njiani, abiria wanashuka na mzigo unapunguzwa kwanza. Mti wa kupigia hauongezwi bomba ili kupata nguvu zaidi: kama nguvu ya kawaida haitoshi, kriki ni ndogo kwa gari hilo.

Katika gareji za nyumbani, anayeingia chini mara nyingi ndiye mdogo kuliko wote, kijana anayejifunza kazi, kwa kuwa mwili wake unapenya. Mara nyingi pia ndiye asiye na sauti ya kukataa. Ni kazi ya fundi mkubwa kuhakikisha mbao zimewekwa kabla hajamtuma. Kijana akijifunza siku ya kwanza kwamba hakuna kuingia chini ya gari lililoshikwa na kriki peke yake, atawafundisha hivyohivyo wanafunzi wake.

Wakati wa kuiacha

Kuna kriki zisizostahili kutengenezwa tena. Yenye kitako kilichopasuka, yenye pistoni iliyopinda, yenye silinda iliyokwaruzwa kwa kina, ao iliyowahi kuchomelewa mahali panapobeba nguvu: hiyo haina dawa. Kuchomelea kunaziba macho tu. Mbele ya mafuta yanayosukuma kwa mamia ya kilo, mshono wa nyumbani hauaminiki.

Hata hivyo haitupwi yote. Gololi zake, mipira iliyo mizima, resori, kizibo na mti wa kupigia vinabaki kwenye kopo la gareji kwa ajili ya kriki nyingine. Katika mji ambamo kipande kidogo kinaweza kungoja treni ya Kongolo, kopo hilo ni duka. Kitako kilichobaki kinapakwa rangi ao kupigwa alama, ili asitokee mtu jioni moja, mwenye haraka na asiyejua, akakichukua na kukiweka chini ya gari.